Tiba ya jeni kwa mtoto wa miaka 13: nani aamue?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 13, ana sikoseli, anatumia haidroksiyurea na maumivu yamepungua. Shangazi yake aliyeko Marekani anasema huko kuna tiba ya jeni, anataka tuchange apelekwe. Mtoto hatujamwambia, tunaona bado mdogo. Tunakosea?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Tiba ipo kweli. Uingereza waliidhinisha tiba hiyo, iitwayo Casgevy, Novemba 2023, Marekani Desemba mwaka huohuo, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Kwenye majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walipitisha angalau mwaka mzima bila kushikwa na maumivu makali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, gharama za kulazwa mbali. Michango ya ukoo hapo haifiki, lakini tuseme imefika.

Kinachonisumbua ni huko kutomwambia. Seli shina zake, yaani seli zinazozaa seli za damu, zitavunwa kwenye damu, zihaririwe jeni maabara, na kabla ya kumrudishia atapewa busulfani, dawa ya kuufuta uloto wa zamani, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Nywele hupukutika, mdomo huota vidonda, na yaweza kumwacha bila uwezo wa kuzaa. Mvulana aliyebalehe huhifadhiwa mbegu kabla ya dawa. Yaani mwanao atapewa kikopo, aingie chumbani peke yake. Hilo utamfanyia kwa siri namna gani?

Sahihi kwenye fomu ni yako, sawa. Ila mimi humgeukia mtoto nikamwambia: nieleze kwa maneno yako utafanywa nini. Akibabaika, tunaanza upya. Akikataa, nasubiri, kwa sababu ugonjwa unaotulizwa na haidroksiyurea unatupa nafasi ya kusubiri. Angekuwa anahitaji damu usiku huu, nisingemsubiri.

Na ajue pia kwamba zinazohaririwa ni seli za damu tu. Akija kuoa, jeni ya sikoseli bado atairithisha, kwa hiyo mchumba apimwe.

Kabla ya kumjibu shangazi, ulizia upandikizaji wa uloto Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Hutegemea ndugu wa tumbo moja ambaye uloto wake unalingana na wake. Dawa kali zipo huko pia, na wasiwasi wa uzazi ni uleule. Ndugu huyo akiwa mtoto, naye aulizwe kabla hajachomwa sindano ya nyonga.