Godoro linatosha kwa wanaoanza kujiachia?

Umeuliza kama godoro nene linatosha kuwaruhusu wanafunzi wako wajiachie kutoka juu ya kitambaa cha sarakasi kinachoning'inia. Halitoshi. Mtu anaweza kuvunjika shingo hata akiangukia godoro. Hofu yangu kubwa ni boriti inayobeba kitambaa: mtu akijiachia kisha kitambaa kikamkamata ghafla, nguvu inayoivuta ni mara kadhaa ya uzito wake. Mhandisi aipime, si rafiki mwenye ngazi. Kabla ya kila darasa pitisha kitambaa mkononi ukitafuta tundu, na uhakikishe karabina, yaani kulabu za chuma zinazokining'iniza, zimefungwa. Pete na hereni zivuliwe. Kisha mwanafunzi ajifunge kitambaa na kujifungua usawa wa kiuno, bila kuelekezwa. Anayekuuliza "mguu upi?" bado hajawa tayari, hata akikununia. Na je, akinasa juu, utamshushaje?