Padre aliniuliza, "Wewe ni nani?"

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, ni haki shule ya kimataifa ya Kikristo kudai barua ya mchungaji kabla ya kumpokea mtoto?" Mimi nasema ni haki. Nasema hivyo nikiwa mzazi aliyeisaka barua hiyo wiki tatu nzima, akakaribia kuikosa. Lawama zangu ziko kwenye karatasi nyingine, nitaifikia.

Kwanza nieleze tulivyoingia huko, maana najua kuna watakaosema hawa wana pesa za kuchezea. Mwajiri wangu huwahamisha watu wake. Kampala miaka miwili, kisha Nairobi, na sasa inasemwa Kigali. Binti yetu alikuwa Gredi ya 4 katika mtaala wetu wa Kenya, na mtaala huo haupandi basi la Kigali. Mwajiri hulipa sehemu ya karo kwa shule ya kimataifa. Mke wangu akasema kama ni ya kimataifa basi na iwe ya Kikristo, mtoto asije akatusahaulia hata sala ya kabla ya kula. Nikakubali haraka. Mimi ni Mkatoliki wa Bura, kule Taita, na nilidhani neno "Mkristo" kwenye fomu lilinihusu moja kwa moja.

Stakabadhi za kawaida zilikuwa kazi ya miguu tu: cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, picha ndogo, ripoti za shule za miaka miwili, na barua ya shule anayotoka kuonyesha hatukuacha deni. Kijitabu cha kliniki chenye chanjo zake tulikipata Voi, ndani ya sanduku la leso za mama mkwe, kimekunjwa pamoja na risiti ya mbuzi. Mtoto asiye raia huongezewa kibali cha mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji. Halafu kuna fomu ya siri ambayo mwalimu wa darasa huijaza na kuituma mwenyewe, mzazi asiione. Wengine huchukizwa na hiyo. Mimi sikuchukizwa, maana mwalimu akijua utasoma atakuandikia sifa za harusini.

Sasa barua yenyewe. Aliyeandaa fomu aliuliza maswali matatu: mchungaji amemfahamu mzazi kwa muda gani, mzazi huhudhuria ibada mara ngapi kwa mwezi, na anatumika wapi kanisani. Parokia yetu ina misa nne kila Jumapili na watu hukaa hadi nje chini ya hema. Nikaenda ofisini siku ya kazi, nikaeleza shida yangu. Padre akaisoma fomu, akaniangalia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe ni nani?"

Nilimtajia jina. Akauliza, "Jumuiya yako ni ipi?" Hapo ndipo nilipoanza kukohoa.

Kwa wasio Wakatoliki: tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walisukuma waumini waishi katika jumuiya ndogo ndogo, majirani wachache wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasali, wakachanga, wakazikana. Padre mwenye maelfu ya watu hawezi kumjua kila mmoja, lakini jumuiya hukujua hadi rangi ya pazia lako. Padre wangu hakutaka kudanganya. Akasema nikalete neno la mwenyekiti wa jumuiya, naye atatia sahihi na muhuri.

Mwenyekiti wetu ni mama mmoja mstaafu wa posta. Sikuwa nimemwona tangu Kwaresima, na tulikuwa Agosti. Alinipokea, akanipa chai, akaniambia, "Baba, barua nitaandika, lakini sali kwanza na sisi." Nikaenda wiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu sala ikawa nyumbani kwangu, watu kumi na tisa na mandazi. Ndipo akaandika. Nakala ninayo. Inasema familia hii tunaifahamu. Mama huja kila wiki. Baba huja akiwa mjini na akija huchelewa, lakini mchango wake haujawahi kulala.

Niliona haya kuipeleka. Afisa wa usajili aliisoma mbele yangu, akacheka, akasema nyingi anazopokea zinafanana hata nukta.

Ndiyo maana nasema ni haki. Barua iliyodaiwa kwa maswali ya kweli ilinirudisha mahali nilipokuwa nimetoroka, na shule ikapata habari ya kweli kunihusu. Tukumbuke pia shule hizi zilitoka wapi. Rift Valley Academy ya Kijabe ilianzishwa mwaka 1906 na Africa Inland Mission, na jiwe la msingi la jengo lake la Kiambogo liliwekwa mwaka 1909 na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani. Rosslyn Academy ya Nairobi ilianza mwaka 1947 upande wa Tanzania, mkoa wa Mara, kwa ajili ya watoto wa wamisionari wa Kimenoni. Wazazi walikuwa mbali vijijini, shule ndiyo iliyolea, na misheni iliyowatuma wazazi ndiyo iliyowajua. Leo kwenye foleni ya shule za namna hii yupo mwanadiplomasia, yupo mfanyabiashara, nipo na mimi wa kuhamahama. Shule haina misheni ya kuiuliza habari zetu. Inauliza kanisa.

Kwenye fomu ya shule, kisanduku kilichonisumbua kilikuwa cha wazazi: "Eleza ulivyookoka, na lini." Mke wangu alilelewa Kianglikana, yeye alijaza bila kuinua kalamu. Huko kwao kuokoka kuna tarehe. Ni urithi wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika kwetu, watu wakasimama mbele ya wenzao na kutubu, wakaikumbuka siku hiyo kama siku ya kuzaliwa. Mimi nilibatizwa nikiwa na wiki tano, na ninachojua kuhusu siku hiyo ni kwamba nililia. Nikaandika tarehe ya ubatizo, kisha nikaongeza "na bado naendelea." Shule ilinipigia simu kuuliza maana yake. Tulizungumza kama dakika kumi na tano, wakaridhika. Lakini najiuliza ni wazazi wangapi wamebuni tarehe kwa sababu kisanduku kilidai tarehe. Fomu ikimlazimisha mtu kutunga, basi hiyo shule inajifundishia waongo mlangoni. Hapo waliotayarisha swali hawakuwaza kwamba Wakristo si wa namna moja.

Nije sasa kwenye karatasi niliyoitaja mwanzoni. Kabla ya shule hii tuliomba nyingine, ambayo sitaitaja. Huko tulilipa kwanza ada ya maombi, Sh10,000, ambayo hairudishwi. Tukapeleka stakabadhi zote. Siku ya mahojiano ndipo tukawekewa mezani tamko la imani la shule, kurasa mbili, tutie sahihi wote wawili chini ya maneno "Ninaamini na kukubali yote yaliyo hapo juu." Mengi niliyakubali kwa moyo mweupe. Kulikuwa na moja kwamba Biblia peke yake ndiyo mamlaka ya mwisho ya imani. Mkatoliki anayelijua katekisimu lake hawezi kutia sahihi hapo, kwa sababu sisi tunashika na Mapokeo ya Kanisa, yaani mafundisho yaliyorithishwa tangu mitume. Niliuliza kama naweza kuandika kando. Hapana. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikaweka kalamu chini. Shilingi elfu kumi zikaenda, na gari zima la kurudi nyumbani lilikuwa kimya.

Sisemi walikosea kuamini wanachoamini. Shule yao, imani yao. Walinikosea mpangilio. Tamko lile lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza, kabla ya pesa, kabla mtoto hajaonyeshwa bwawa la kuogelea na kuchagua kabati lake.

Shule ya pili ilitupa tamko lao siku tulipochukua fomu, na chini yake paliandikwa kitu tofauti: kwamba tumesoma, tumeelewa, na hatutazuia mtoto wetu kufundishwa haya wala kuhudhuria ibada ya wiki. Hapo nilisaini bila shida. Maneno haya mawili, "naamini" na "nimeelewa", ndiyo yanayotenganisha shule ya familia za waumini wa namna moja na shule inayofundisha Ukristo kwa yeyote atakayekuja. Mwenzangu kazini ni Mwislamu wa Lamu. Mwanawe yuko katika shule ya aina hii ya pili. Mtoto anasoma Biblia kama somo na anapata alama nzuri kuliko wengi, na baba anajua vizuri kile alichokubali. Ukipiga simu kuulizia nafasi, mzazi mwenzangu, swali la kwanza lisiwe karo. Uliza sahihi inawekwa chini ya neno gani.

Mtauliza sheria inasemaje. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani au dini yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na dini imetajwa kabisa, lakini inaziachia mwanya shule zilizoanzishwa mahsusi kwa dini au jinsia fulani. Mambo haya hayajatulia. Kesi ya hijabu katika shule ya Isiolo iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodist ilifika hadi Mahakama ya Juu. Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 ilikuwa imewapa wasichana haki ya kuivaa, Mahakama ya Juu mwaka 2019 ikautengua uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa kesi. Na ile ilikuwa shule ya umma. Mimi si wakili, na singependa kuingia kortini kwa ajili ya nafasi ya Gredi ya 4.

Nikiruhusiwa kutoka kidogo kwenye swali: mnashughulika na barua ya mchungaji, lakini watoto wengi wanaachwa nje kwa mambo ambayo hayana dini. Binti yetu alifanya intavyu kwenye kompyuta, Kiingereza na hesabu. Mtihani wenyewe ni wa aina inayomfuata mtoto: akipata swali, linalofuata ni gumu zaidi, akikosa, linalegea. Hatukujua. Mtoto aliyezoea kupata 45 kwa 50 alitoka macho mekundu, akaniambia, "Baba, nimefeli, kila nikijua wananiletea ambalo sijui." Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Laiti tungeambiwa usiku wa kuamkia siku hiyo, angelala.

Halafu kuna hesabu ya madarasa. Shule yenye mfumo wa Uingereza ingemweka Year 5, ya Kimarekani Gredi ya 4, na ni watoto wa umri uleule. Jirani yangu alisimulia mtaa mzima kwamba mwanawe amerushwa darasa. Hakurushwa popote. Na mwaka wao huanza Agosti wetu ukianza Januari, kwa hiyo ukihama Desemba mtoto huingia katikati ya mwaka wa wenzake, ama hukaa nyumbani miezi saba akiangalia katuni. Nafasi za katikati ya mwaka ni chache, na hupatikana familia nyingine ikihamishwa. Sisi tulipata kwa sababu mtu fulani alipelekwa Addis Ababa.

Mwaka ujao ni zamu ya mdogo wake. Barua ya mwenyekiti ipo tayari, safari hii neno "huchelewa" limeondolewa, nimeligharamia kwa rozari za Oktoba nzima. Padre ananijua kwa jina. Tamko tumelisoma. Ila shule inataka anayeingia chekechea awe ametimiza miaka mitano ifikapo tarehe 1 Septemba, na mwanangu anatimiza tarehe 9. Nilimuuliza afisa wa usajili kama barua ya Askofu ingesaidia. Akasema niilete tu, ataifungia kwenye faili ya mwaka unaofuata.

Msomaji, Nairobi