Bohr aligundua, alivumbua au alibuni?

Swali: Ninafundisha sekondari. Katika notisi za wanafunzi niliandika, "Mwaka 1913 Bohr aligundua modeli ya atomu." Mwenzangu anataka iwe "alivumbua". Nani yuko sahihi? Niliandika pia, "Atomu ilibadilika kutoka tufe gumu la Dalton hadi wingu la elektroni." Je, imekaa sawa?

Jibu: Mwalimu, hapo andika "alibuni".

Hugunduliwa kitu ambacho tayari kipo ila hakijajulikana. Elektroni zilikuwapo kabla J. J. Thomson hajazaliwa; yeye akazigundua mwaka 1897, kwa majaribio ya miali ya kathodi. Modeli haikuwapo popote. Mtu huijenga akilini ili aeleze yale majaribio yanayoonyesha. Thomson huyohuyo, mwaka 1904, alibuni ya kwake: tufe lenye chaji chanya, na elektroni zimo ndani yake.

Rutherford ndiye mfano bora zaidi, kwani anahitaji vitenzi vyote viwili. Huko Manchester, Geiger na Marsden, waliofanya kazi chini yake, walielekeza chembe za alfa kwenye utando mwembamba mno wa dhahabu. Karibu zote zilipenya, chache sana zikarudi zilikotoka. Modeli ya Thomson haikuweza kulieleza hilo. Mwaka 1911 Rutherford akaonyesha kwamba karibu uzito wote wa atomu umesongamana mahali padogo mno katikati. Basi aligundua kiini, akabuni modeli ya atomu yenye kiini. Bohr hakuleta chembe mpya. Alizipanga elektroni katika mizingo yenye nishati maalumu, na kwa njia hiyo akaeleza mistari ya mwanga wa hidrojeni.

"Vumbua" si kosa, lakini watu hulitumia kwa kilichofichuliwa na kwa kilichoundwa upya vilevile. Katika somo ambalo tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo, ningeliacha. Wengine huogopa "buni" kwa sababu ya "habari za kubuni". Wasiogope: fundi cherehani hubuni mshono, na hakuna anayeuita uongo.

Sentensi ya pili irekebishe. Atomu ni ileile tangu zamani. Iliyobadilika ni modeli yake. Andika: "Dalton aliichukulia atomu kuwa tufe gumu lisilogawanyika; baada ya kazi ya Schrödinger ya mwaka 1926, elektroni zikaanza kuelezwa kama wingu linalokizunguka kiini."