Kupanga nguvu kazi siyo kuajiri tu
Unasema kupanga nguvu kazi ni kuajiri tu? Hapana mkuu, kuajiri ni kipande tu. Unaanza na kazi iliyo mbele ndo unahesabu watu na ujuzi, nani anakaribia kustaafu, nani afundishwe sasa hivi. Nasimamia zamu kiwanda cha samaki hapa Mwanza, sangara wakipungua meza za minofu zinakaa tupu na mishahara inaenda, wakija wengi mtu wa kisu, yule wa kukata minofu, humpati siku moja, mkono ule unachukua muda kuiva. Na kupunguza watu kiholela ni gharama, sheria ya ajira ya 2004 inataka notisi, mashauriano, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Ila serikalini ni tofauti kidogo, ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, lazima ipate kibali kwanza.