Mnaoanza kupima watoto maskulini, njooni niwaambie

Nyie mnaoanza kazi ya kupima uzito na urefu wa watoto, nna maneno yangu kabla hamjapanda daladala. Mie nishazunguka Unguja na Pemba raundi kadhaa na mengi ntakayoyasema hapa niliyakosea mwenyewe kwanza.

Kubwa lilonisumbua ni hili la unene na kipato. Mnatoka chuo mmeshiba habari za Uingereza, kwamba mtoto wa maskini ndo mnene. Kule kweli, wao wanawapima watoto wa skuli za serikali wakianza skuli na tena wakifika miaka 10 au 11, na mitaa ya wasonacho huwa na watoto wenye kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, kama mara mbili ya mitaa ya wenye nazo, maana kule cha rahisi ni cha mafuta na sukari, tunda na samaki ndo ghali. Huku kwetu kwa nlivyoona mie ni kinyume, mtoto wa Micheweni, Pemba mashamba, anakwenda skuli kwa miguu, akirudi muhogo na dagaa, kisha chuo cha Kurani, kisha akachote maji, atanenepa saa ngapi? Wa mjini anashushwa na gari mlangoni na mfukoni ana pesa ya chipsi na soda, jioni tableti.

Lakini msije mkaganda hapo. Nchi ikianza kupata pesa unene huingia kwanza kwa wenye uwezo, halafu pole pole unahamia kwa wasonao, na vitu vilokuwa vya anasa, soda, biskuti, tambi za pakti, sasa viko kila kiduka mpaka ndani mashamba. Duniani kote watoto wa miaka 5 mpaka 19 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 8 mwaka 1990, ilipofika 2022 ni asilimia 20, zaidi ya watoto milioni 390. Na 2025 UNICEF wakatoa hesabu kwamba wenye kiribatumbo sasa wamewapita wenye uzito pungufu, asilimia 9.4 kwa 9.2. Idadi hiyo haiwezi kuwa ya watoto wa matajiri peke yao yakhe.

Sasa kipato chenyewe utakijuaje. Ukimuuliza mtu "unapata shilingi ngapi kwa mwezi" umeshapotea, mvuvi leo kapata kesho hana, na mwenye duka hakwambii ng'o. Ndo maana tunauliza vitu, sakafu, choo, friji, tivii, pikipiki, kisha tunawagawa watu mafungu matano. Njia nzuri ila ina mitego. Kuna nyumba moja Fuoni niliingia nikakuta friza kubwa jipya, nikatia tiki haraka, na tivii ya ukutani pia tiki, mama huyu fungu la juu bila ubishi. Mtoto wake wa miaka 9 alikuwa mzito kweli kweli, nikajisemea ndo yale yale, mtoto wa wenye nazo. Tukakaa, akanipa barafu ya ukwaju nipoze koo, tukaongea, kumbe friza la mkopo, ndo biashara yake yenyewe, barafu na maandazi ya asubuhi, na tivii kaleta kaka yake alokuwa Oman. Baba wa mtoto hajulikani alipo. Nikamuuliza mtoto anakula nini akirudi skuli, akacheka, "si humpa yalobaki, ntayatupa?" Yalobaki ni maandazi matano sita na barafu zilovunjika. Fomu yangu ingemwandika tajiri mwenye mtoto mnene, na yeye anahesabu miamia.

Na Pemba huwa kinyume chake. Mzee ana mikarafuu na minazi, lakini nyumba ya udongo na friji hana, fomu yetu inamtupa fungu la chini kabisa. Kwa hiyo pembeni ya fomu andikeni kitu hicho cha nini na katoa wapi, hata kama msimamizi atakununieni.

Kupima kwenyewe nisirefushe. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu, mimi niliwahi kuiweka juu ya mkeka darasa zima na ikabidi turudi kesho yake. Viatu nje, mifuko itolewe kitu, wasichana shungi la nywele linaongeza urefu na ukiongeza urefu unene unapungua kwenye karatasi. Umri andika kwa miezi kutoka cheti, sio "ana minane". Na msichanganye mistari ya chati ya WHO, ile inayoonesha mtoto kapishana kiasi gani na wastani wa wenzake, kuanzia miaka mitano mtoto akipita +1 ni uzito uliozidi, +2 kiribatumbo, chini ya mitano ni +2 na +3, nishaona watu wazima wamepika ripoti nzima kwa mstari usio wake.

Jengine ni ulimi. Huku mtoto mnene ni afya, mama anajivunia, ukimwambia "kanenepa sana" bila hata mashaallah atahisi umemtupia jicho mwanawe, hapo na fomu umeikosa. Kwa watoto ndo mbaya zaidi, siku moja nilisoma kilo kwa sauti ili mwenzangu aandike, darasa likacheka, yule kijana hakuja skuli siku mbili. Toka siku ile namuonesha mwandishi kwa kidole tu, hatutaji.

Na asubuhi kabla ya kutoka, jaza dumu la lita kumi maji, lipandishe kwenye mizani. Isiposoma kilo kumi na kidogo za dumu lenyewe, musende popote.