Mkia wa mbayuwayu huota kwetu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nalima mpunga Dakawa, Morogoro. Kila mwaka mbayuwayu hujaa kwenye nyaya za umeme kando ya majaruba, lakini ikifika Mei siwaoni tena. Mbona wengine wana mikia mirefu kama nyuzi na wengine vibutu? Huwa wanatafuta wenza hukuhuku? Na wale wanaojenga chini ya daraja ni haohao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenza wanawapata Ulaya na Asia, wanakozaliana. Ila pambo la kuwapatia wenza hao wanaliotesha hapa Afrika, kwa wadudu wa majaruba kama yako.

Wakiwa huku hupukutisha manyoya ya zamani na kuota mapya. Februari moja mbayuwayu alijigonga kwenye dirisha langu, nikamweka kiganjani mpaka akazinduka. Mwepesi mno, kama gramu 20 tu. Unyoya mmoja wa pembeni mwa mkia ulikuwa umekamilika. Mwenzake ulikuwa bado mfupi, shina limo ndani ya ala ya kijivu, umejiviringisha kama jani changa la mgomba. Basi vibutu wako wengine ndio kwanza wanaota, na wengine ni majike, ambao mikia yao ni mifupi kuliko ya madume.

Jike huutazama sana mkia huo. Mwaka 1988 mtafiti Anders Møller alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya Denmark: madume wengine aliwapunguza mikia, wengine akawaongezea vipande vya manyoya kwa gundi. Walioongezewa walipata majike upesi kuliko wote. Lakini mkia wa kubandikwa uliwalemea, wakawa wanakamata wadudu wadogo. Walipokwenda Afrika na kuota manyoya upya, mwaka uliofuata walirudi na mikia mifupi, na kupata jike kukawa kazi. Hapo ndipo ninapowapendea ndege hawa: mkia mrefu wa kweli ni wa dume aliyeshiba.

Ndiyo maana mvua zetu zinawahusu. Zikinyesha vizuri wadudu huwa tele, ndege hunenepa na kuwahi kufika kwao. Nakuomba sana, dawa ya wadudu puliza pale tu mpunga unaposhambuliwa.

Wa darajani watazame kifuani. Wageni wana koo jekundu la kutu na mkanda mweusi chini yake. Wenye koo na tumbo jeupe, utosi wa kutu na mkia mwembamba kama waya ni wenyeji. Wao huchumbiana hapohapo darajani.