Maswali yenu ya jukwaani: hela iko kwenye simu ya nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi msomaji wako toka Morogoro, tuko tisa tuna kikundi cha maigizo, mazoezi tunafanyia kwenye darasa la shule ya msingi jioni wanafunzi wakishaondoka. Tunaigiza mambo ya mtaani kwetu, mirathi, maji, bibi kusingiziwa uchawi. Shida ni kiongozi wetu, mtu mzuri sana na kipaji anacho ila skripti anaandika yeye, anaongoza yeye, mhusika mkuu yeye na hela ziko kwenye simu yake. Wawili washaondoka. Tumwambieje bila kuvunja kikundi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Anzeni na hela, msianze na nani acheze nani maana hapo mtagombana hadi asubuhi. Hela ya watu tisa kwenye laini ya mtu mmoja ni ugomvi unaosubiri tarehe tu, hata kama huyo mtu hajala senti. Siku akiibiwa simu mtamwamini? Fungueni akaunti ya kikundi ambayo mtu hatoi peke yake, benki au zile za kwenye simu kama M-Koba ambapo wenzako lazima waidhinishe, na daftari ashike mtu ambaye hapandi jukwaani kabisa. Kila kikundi kina mtu wa hivyo, anapenda sanaa lakini ukimpa mistari miwili anatetemeka. Huyo ndo mweka hazina wenu. Andikeni pia hela ya kutunzwa inaenda wapi, yaani ile mama anayopanda kumbandika mwigizaji kwenye paji la uso, ni yake au ya sanduku? Vikundi vingi nilivyoviona vinavunjika vinavunjikia hapo, sio kwenye hela kubwa.

Alafu mnahitaji meneja wa jukwaa, sio cheo cha kupeana pole. Ndo anajua kanga iko wapi, ngoma ipo kwa nani, nani hajafika, na onyesho likishaanza hata mwongozaji anamtii yeye. Na mtu wa mtaa, huyu watu wanamsahau kabisa. Anamjua mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anajua swala inaisha saa ngapi, anajua nyumba ya tatu kuna matanga, sasa nyie mje mpige ngoma hapo muone. Funguo za hilo darasa akae nazo yeye, kwa sababu siku mwalimu mkuu akikuta madawati yamepinduliwa yeye ndo atajua namna ya kwenda kumuomba msamaha.

Kuhusu kiongozi wenu sasa. Wengi mnadhani kikundi cha maigizo kinaendeshwa na mtu mmoja mwenye kipaji, labda kwa sababu jina la mwandishi ndo linabaki. Chukua Kamiriithu, kituo cha elimu na utamaduni cha wanakijiji kule Limuru, Kenya, kila mtu anataja mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na ni haki yake, lakini hebu angalia nani walikiendesha kile kituo. Mwaka 1976 mwanamke wa kijijini ndo alimfuata huyo Ngũgĩ, mwalimu wa chuo kikuu, nyumbani kwake, akarudi tena na tena, kumwambia hiyo elimu yenu leteni na huku. Wakaanza na darasa la watu wazima kusoma na kuandika, maigizo yakaja baadae. Kulikuwa na kamati ya wanakijiji, wakulima na wafanyakazi wa viwandani na mashambani. Mchezo waliandika wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, kwa Kikuyu, mwongozaji akawa mtu mwingine, Kimani Gecau. Skripti ikasomwa mbele za watu, wazee wakarekebisha lugha, na wanaofanya vibarua wakasema mambo ya mishahara wanayoyajua wao. Jukwaa lenyewe la wazi, la kuingiza watu zaidi ya 2,000, mchoro wake ulianza kwa njiti za kiberiti zilizopangwa chini na mfanyakazi wa ofisini, sio injinia, na wanakijiji wakajenga kwa mikono yao. Mazoezi yalikuwa wazi, anayepita anasimama anatazama anasema lake.

Oktoba 1977 wakafungua, watu wakajaa, na tarehe 16 Novemba serikali ikafuta leseni. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila mashtaka, akakaa karibu mwaka mzima. Lakini kikundi hakikufa na kukamatwa kwake! Miaka minne baadae wanakijiji walewale walikuwa wanafanya mazoezi ya mchezo mwingine, wakanyimwa Ukumbi wa Taifa Nairobi, na Machi 1982 polisi wakaja kubomoa lile jukwaa. Mi nikisoma habari hii najiuliza, kama skripti, uongozaji, uigizaji na hela vingekuwa kwa mtu mmoja, hiyo miaka minne ingekuwepo?

Sasa kumwambia. Msimuite kwenye kikao cha watu nane dhidi ya mmoja, atasikia mapinduzi. Atumwe mmoja anayemheshimu, amuulize kaka, kati ya hivi vinne ungeambiwa ubaki na kimoja ungechagua kipi? Akisema kuandika, mchezo unaokuja aandike halafu mwingine aongoze. Na mfanye mazoezi mlango wazi, mtaa ukianza kusema hapo sio hivyo, maneno ya mtaa anaweza kuyapokea kuliko yenu. Kama hamjajisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, katiba ya kikundi mtakayotakiwa kuandika itawalazimisha kusema nani ni nani.

SWALI: Mzee habari ya huko Dar. Sisi ni kikundi Kisauni, Mombasa, tunaigiza bure uwanjani alafu tunatembeza bakuli, hatupati hata nauli ya kurudi. Sasa shirika moja linataka tuigize habari ya chanjo na watatulipa vizuri. Wengine wanasema tutakuwa ngoma ya kupigwa na mwenye pesa. Tuchukue?

JIBU: Njema, karibuni. Chukueni, ila ulizeni kwanza nani anachagua hadithi. Wanaweza kuwapa mada, sawa, lakini wakileta skripti imeshaandikwa na sentensi za kusema basi hapo mmekuwa spika tu. Kwetu huku walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walipoenda vijijini miaka ya 80, Malya kule Mwanza na Msoga upande wa Bagamoyo, walikaa kwanza na wanakijiji kuuliza kinachowasumbua ni nini, mchezo ukatoka humo. Waambieni shirika mnataka siku kadhaa za kukaa na kina mama kabla ya mazoezi, na hizo siku zilipwe, ni kazi.

Hela ya mradi ina mwisho lakini. Dar miaka ya 90 vikundi vya Muungano Cultural Troupe na TOT (Tanzania One Theatre) walijaza mabaa kwa sababu kiingilio kimoja kilikupa taarab, ngoma, sarakasi na vichekesho usiku huohuo. Sisemi muende baa, nasema tafuteni vijana wa ngoma hapo Kisauni mgawane uwanja na kiingilio, mtu asiyependa maigizo atalipia ngoma na maigizo atayaona tu. Na kwa Kenya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, kwa hiyo hesabuni vichwa kabla ya kwenda ofisini.

SWALI: Mbagala hapa. Juzi tunaigiza mume anampiga mkewe, mama mmoja akaingia jukwaani akamnyang'anya mwigizaji fimbo! Watu wakacheka, mchezo ukafa. Tuweke kamba?

JIBU: Kamba ya nini, huyo mama kawapa mchezo. Mwongozaji wa maigizo Augusto Boal wa Brazil alijenga aina nzima ya maigizo kwa watu kama huyo mama. Mnaigiza mpaka mambo yanaharibika, mnasimamisha, anatoka mtu wa kati, Boal alimwita Jokeri kama ile ya kwenye karata, anauliza watazamaji nani angefanya tofauti. Anayejitokeza anachukua nafasi ya anayeonewa, mke kwenye mchezo wenu, mume anabaki mwigizaji wenu na asilegeze, ajibu kama mume mwenyewe angejibu, maana akikubali haraka watu watarudi nyumbani na jibu lisilofanya kazi. Jokeri asiwe mpenda kuhubiri. Fimbo iwe ya boksi, nyingine ni mambo ya hospitali. Na kama anayepanda kalewa, hiyo sio kazi ya Jokeri, ni ya yule mtu wenu wa mtaa anayejua jina lake na nyumbani kwake.